Unamwita fundi aunganishe jenereta, kumbe kazi yake ni kutenganisha

Waya wenyewe ulikuwa mfupi, kama mita tatu hivi, una plagi dume kila ncha. Fundi aliutoa kwenye begi lake akauweka mezani. Ncha moja, akasema, inaingia kwenye jenereta. Ya pili unaichomeka kwenye soketi yoyote ya sebuleni, na nyumba nzima inawaka. Kazi ya dakika tano. "Ila dada, usisahau kuzima mein swichi kwanza."

Nilimshukuru, nikampa nauli yake, na waya wake akaondoka nao. Marehemu mjomba wangu alifanya kazi ya kupanda nguzo za umeme mpaka alipostaafu, na tangu utotoni nilimsikia akieleza alichokuwa akikiogopa huko juu. Hakuuogopa sana umeme wa shirika, maana huo walijua wameuzima. Aliogopa umeme wa nyumba ya mtu: mtu mwema kabisa, amewasha jenereta yake ili wanawe wapate taa na feni, na hajui kwamba umeme huo umeshatoka ndani kwake na kupanda nguzoni.

Watu wengi wananunua jenereta, na swali la kwanza wanalouliza ni fundi gani atawaunganishia kwa bei nafuu. Kuunganisha ni rahisi. Hata yule wa waya wa plagi mbili anaweza. Unachomlipia fundi wa kweli ni kutenganisha. Ahakikishe umeme wa jenereta na umeme wa TANESCO haukutani kamwe, hata wewe ukiwa na usingizi, hata mtoto akichezea swichi, hata siku hiyo nyumbani akiwa amebaki mgeni asiyejua chochote. Ukilishika hilo, maswali mengine yote ya kumuuliza fundi yanakuja yenyewe.

Mtu anaweza kusema siku hizi umeme upo. Kweli, Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, na mgao wa miaka ya nyuma umepungua. Lakini umeme haukatiki kwa sababu ya uhaba wa uzalishaji peke yake. Tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, hitilafu ya gridi ya taifa iliiacha karibu nchi nzima gizani, wakati mtambo wa kwanza wa bwawa hilo ulikuwa umeshaanza kazi. Na mtaani kwetu mara nyingi chanzo ni kidogo zaidi: tawi la mwembe, transfoma iliyozidiwa, waya uliolegea. Hayo hayaondolewi na bwawa, na hayo ndiyo yanayomleta fundi wa TANESCO kwenye nguzo iliyo mbele ya geti lako.

Transfoma haijui mbele wala nyuma

Transfoma ya mtaani hupokea umeme wa volti 11,000, sehemu nyingine 33,000, na kuushusha hadi volti 400 kati ya fezi na fezi, yaani nyaya zinazoleta umeme, au volti 230 kati ya fezi moja na nyutro, yaani waya wa kurudishia. Huo wa 230 ndio unaoingia kwenye luku yako. Ndani ya transfoma hakuna kitu kinacholazimisha umeme uende upande mmoja. Ni mizunguko ya waya iliyofungwa kwenye chuma kimoja, mingine yenye mizunguko mingi, mingine michache. Ukiingiza volti 230 kutokea upande wa nyumba, upande wa pili zinatoka volti maelfu. Jenereta inayobebwa na watu wawili kutoka dukani Kariakoo inatosha kuuamsha waya ambao kila mtu anaamini umekufa.

Hapo kuna hoja ambayo baadhi ya mafundi hupenda kuitoa, na ina ukweli nusu. Wanasema jenereta ya kVA 3 (kVA ni kipimo cha uwezo wa jenereta) haiwezi kuwasha mtaa. Ukisahau mein swichi, mzigo wa majirani utaielemea na itazima yenyewe. Mara nyingi itazima, kweli. Lakini jiulize umeme umekatika kwa nini. Kama waya umekatika kwenye nguzo iliyo karibu na nyumba yako, majirani hawako tena kwenye laini hiyo. Umebaki wewe, jenereta yako, na kipande cha waya kinachoning'inia. Hakuna mzigo wa kuielemea, kwa hiyo inaendelea kunguruma bila tatizo. Na kipande hichohicho ndicho fundi wa laini anachokuja kukishika. Utaratibu wa kazi yake unamtaka apime kwanza, kisha aifunge laini kwenye ardhi. Lakini anaweza kuwa amepima na kukuta hakuna kitu, nawe ukaja kuwasha wakati bado anatoa vifaa vyake.

Hatari ya pili ni yako mwenyewe. Umeme wa nguzo hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na wa jenereta vivyo hivyo, lakini mapigo yao hayaendi pamoja. Watoto wakipiga kelele "Umerudi!" huku jenereta bado imeunganishwa kwenye nyaya za nyumba, nguvu hizo mbili zinagongana, na inayoshindwa ni jenereta. Ukiwa na bahati inaungua koili tu. Usipokuwa na bahati, inawaka na petroli yake.

Ya tatu iko kwenye ule waya wa plagi mbili. Plagi ya kawaida ukiichomoa meno yake hayana umeme, kwa sababu umeme umebaki kwenye soketi. Plagi dume inayotoka kwenye jenereta ina volti 230 kwenye meno yaliyo wazi. Atakayeichomoa sebuleni kabla jenereta haijazimwa, tuseme msichana wa kazi anayetaka kuchomeka pasi, ameshika kifo mkononi.

Chenjiova, na nyutro ambayo wengi hawaiulizi

Kifaa cha kutenganisha mafundi wetu hukiita chenjiova. Kina mkono wenye nafasi tatu: 1 ni TANESCO, 2 ni jenereta, na katikati ni 0, yaani nyumba haipati umeme wa popote. Kwa jinsi kilivyoundwa, mkono hauwezi kukaa kwenye 1 na 2 kwa wakati mmoja. Ubora wake wote uko hapo, kwamba hakitegemei kumbukumbu yako. Njia ya kuzima mein swichi inamtegemea mtu aliyeamshwa saa nane ya usiku, gizani, na mtoto analia.

Chenjiova hukaa baada ya luku na kabla ya sakiti breka za ndani. Yaliyo kabla ya luku ni mali ya TANESCO na yana sili. Fundi anayekuambia atafungua sili kidogo tu kisha airudishe amekwisha kukuonyesha kuwa ni kishoka, yaani fundi bandia. Wapo pia wanaofunga breka mbili ubavu kwa ubavu, moja ya jenereta na moja ya TANESCO, wakakuambia hiyo ndiyo chenjiova. Siyo, isipokuwa pawe na kipande cha chuma kinachozuia breka moja isipande wakati nyingine iko juu. Bila kizuizi hicho umerudi kulekule kwenye kumbukumbu. Zipo chenjiova zinazojigeuza zenyewe na kuwasha jenereta yenye betri. Ni nzuri kwa kliniki au duka la samaki, lakini kwa nyumba ya kawaida ile ya mkono inatosha, na uzuri wake unaweza kuona kwa macho iko upande gani.

Sasa tufike kwenye nyutro, na hapa ndipo fundi aliyesoma kazi yake anapoachana na anayebahatisha.

Umeme huja kwa laini, yaani fezi, na kurudi kwa nyutro. Wengi tumefundishwa kwamba nyutro haina madhara, kwa hiyo mtu akifunga chenjiova inayokata laini peke yake, huku nyutro ya jenereta na nyutro ya TANESCO zikiwa zimefungwa pamoja daima, inaonekana si neno. Ni neno kubwa. Nyutro haina madhara pale tu inapokuwa imefungwa vizuri kwenye ardhi. Ikikatika huko nguzoni, upande ulio kwako unaweza kubeba umeme unaotoka kwenye vyombo vyako mwenyewe, na sasa una njia ya chuma kutoka jenereta yako hadi kwenye nguzo. Kwa hiyo nyumba ya fezi moja inataka chenjiova inayokata laini na nyutro kwa pamoja. Ya fezi tatu inataka inayokata nyaya nne.

Ukishaitenga nyutro, linazuka jambo jingine. Nyutro ya TANESCO imefungwa kwenye ardhi kule kwenye transfoma. Ukigeuza mkono kwenda 2, nyumba yako imeachana na ardhi ile. Jenereta nyingi ndogo zinatoka kiwandani nyutro yake haijaunganishwa na fremu wala na ardhi, inaelea. Dalili yake wengi tumeiona bila kuielewa: ukiweka tesa kwenye soketi wakati wa jenereta, inawaka hafifu kwenye matundu yote mawili, kana kwamba kuna laini mbili.

Kwa nini ujali? Kwa sababu ya RCD, ile swichi yenye kitufe kidogo cha kujaribia iliyo kwenye boksi lako la umeme. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika kama milliampia 30, inaelewa kwamba umeme mwingine unapita pengine, labda kwenye mwili wa mtu, na inakata. Nyutro ikiwa inaelea, umeme unaovuja kwenda ardhini hauna njia ya kurudi kwenye jenereta, kwa hiyo RCD haioni kitu. Friji inaweza kuwa na hitilafu siku nzima na kila kitu kikaonekana salama. Siku chombo cha pili kitakapopata hitilafu upande wa pili, mtu atakayegusa vyote viwili atakuwa yeye ndiye waya, na RCD haiwezi kumtofautisha na taa.

Dawa yake ni hii: fundi apige ethi rodi, ile fimbo ya chuma inayopigiliwa ardhini, aiunganishe na fremu ya jenereta, kisha aunganishe nyutro na ethi mahali pamoja tu, upande wa jenereta, kabla ya RCD. Mahali pamoja, narudia. Akiunganisha sehemu mbili, umeme unaorudi utajigawa njia mbili na RCD itakuwa inakata ovyo, na fundi wa kubahatisha atakuja "kuitatua" kwa kuiruka RCD. Kabla ya yote asome kitabu cha jenereta, kwa kuwa zipo chache, hasa zile za inveta, ambazo watengenezaji hukataza nyutro yake kufungwa kwenye ardhi.

Wewe si lazima ujue yote haya kwa vidole. Muulize tu: "Fundi, nyutro ya jenereta utaifanyaje?" Akikujibu kwamba nyutro haina shida, tunaziunganisha zote pamoja, mshukuru na utafute mwingine. Akianza naye kukuuliza jenereta ni ya aina gani, nyumba ina ethi rodi, RCD ipo na inafanya kazi, mkaribishe chai.

Nyumba ya fezi tatu yenye jenereta ya fezi moja inahitaji uangalifu wake: fezi zote tatu zikilishwa na jenereta moja, nyutro inabeba mzigo wote kwa pamoja, na pampu au mashine yoyote ya fezi tatu lazima iachwe nje, la sivyo inaungua.

Ukubwa wa jenereta si ule ulioandikwa kwa maandishi makubwa

Kwenye ubavu wa jenereta kuna namba mbili. Kubwa, yenye rangi, ni uwezo wa juu kabisa unaostahimilika kwa muda mfupi. Ndogo, iliyo kwenye kibati, ndiyo ya kuitumia saa baada ya saa. Hesabu na hiyo ndogo.

Chukua nyumba ya watu wa kawaida: friji wati 150, taa nane za LED wati 80, feni tatu wati 180, televisheni wati 100, na pampu ya maji ya nusu hosipawa inayokula kama wati 600. Jumla ni kama wati 1,110, na mtu atasema jenereta ya wati 1,500 inatosha na ziada. Haitoshi. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mara nne, tano, hata zaidi ya kawaida yake kwa sekunde moja au mbili. Pampu peke yake inaweza kuomba wati 2,500 wakati wa kuanza. Kwa hiyo nyumba hii inataka jenereta ya kama kVA 3.5, au uiondoe pampu na ubaki na kVA 2. Ndiyo sababu fundi anayejali atakuuliza unataka nini kiwake, kisha apange sakiti za lazima zipite kwenye chenjiova na zile za pasi, jiko la umeme na hita ya kuogea zibaki za TANESCO tu. Hesabu hii ifanyike kabla hujanunua. Kumwita fundi baada ya kununua ni kumwomba aitetee jenereta uliyoichagua peke yako.

Wa nyanda za juu waongeze kitu. Injini inavuta hewa, na hewa ya juu ni nyepesi. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Jenereta iliyojaribiwa Dar es Salaam ikifika huko inakuwa imepungukiwa karibu na moja ya tano.

Na umzuie fundi yeyote anayezungusha skrubu ya gavana, kile kinachoongoza kasi ya injini, ili "kuongeza umeme". Jenereta nyingi ndogo za petroli huzunguka mara 3,000 kwa dakika, na ndiyo inayotoa yale mapigo 50. Ukiikimbiza zaidi, mapigo na volti vinapanda pamoja, na televisheni ndiyo inayolipa.

Kuhusu mafuta nitasema kwa ufupi. Jenereta ya kVA 3.5 ikibeba nusu ya mzigo inakula kama lita moja na nusu kwa saa. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 4,500 kwa saa kwa yuniti mbili hivi. Yuniti ya TANESCO kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani imekuwa shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, na ukiziweka haifiki 400. Ambaye shida yake ni taa, ruta na feni usiku angeangalia inveta na betri kwanza. Jenereta ni ya friji, pampu na mashine.

Moshi, na mahali pa kuiweka

Kila mmoja wetu anajua habari ya jiko la mkaa lililolazwa chumbani. Jenereta hutoa gesi ileile, kaboni monoksaidi, tena kwa wingi zaidi. Haina rangi wala harufu, na hushika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu analala na haamki. Dirisha wazi halisaidii. Upepo unaweza kuirudisha ndani. Iwekwe nje kabisa, si barazani, si gereji, angalau mita sita kutoka dirisha au mlango wowote, na bomba la moshi lielekee kusiko na nyumba, hata ya jirani.

Najua kinachotufanya tuiweke koridoni: wezi. Suala hilo limalizwe kabla fundi hajaja. Mchomelea vyuma atakutengenezea kibanda cha nondo chenye paa na pande zilizo wazi kwa hewa, kilichofungwa kwenye zege. Ni gharama, lakini ihesabu ndani ya bei ya jenereta tangu mwanzo.

Mahali ndipo panapoamua waya, na waya ndio sehemu ambayo fundi mvivu hubana. Jenereta ya kVA 5 inatoa kama ampia 22. Ukiiweka mita 20 kutoka kwenye boksi kwa waya wa milimita 2.5, karibu volti 8 zinapotea njiani na waya unapata joto. Kwa waya wa milimita 6 zinapotea volti tatu hivi. Waya uende ndani ya bomba, uchimbiwe chini, usitandazwe uwanjani ambako watu wanafyeka nyasi.

Na uwe wa shaba. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, ukiutazama huwezi kuutofautisha. Kwaruza ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, urudishe. Uzito pia unasema, maana roli la alumini ni jepesi kuliko linavyopaswa. Nenda dukani na fundi wako, lipa mwenyewe, chukua risiti yenye jina la bidhaa. Fundi mwaminifu hataudhika, inamwondolea lawama.

Kumpata mtu mwenyewe

Tanzania Bara, kazi za kufunga umeme zinasimamiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na fundi anapaswa kuwa na leseni yake. Leseni ziko kwa madaraja, na daraja ndilo linalosema fundi anaruhusiwa kugusa kazi ya ukubwa gani, kwa hiyo usiridhike na kuona kikaratasi. Soma daraja, soma tarehe ya mwisho, linganisha jina na kitambulisho. Ukiwa na shaka, uliza ofisi ya EWURA ya kanda yako. Zanzibar utauliza ZURA, Kenya EPRA.

Cheti cha VETA ni jambo jema, kinaonyesha alisoma, lakini si leseni. Na leseni ya bosi si leseni ya kijana aliyetumwa. Wengi wetu tulipoomba umeme tulipeleka TANESCO fomu ya waya yenye mhuri wa mkandarasi ambaye hatukuwahi kumwona akikanyaga nyumbani. Kwenye jenereta usikubali hivyo. Anayesaini ndiye aje akague kwa macho yake kabla ya kuwasha.

Leseni haitoshi kuniambia kama mtu ni fundi mzuri, ndiyo maana napenda wa karibu. Fundi anayeishi mitaa mitatu kutoka kwako ana kazi zake hapohapo. Mwombe akupeleke kwenye nyumba mbili alikofunga chenjiova, uongee na wenyewe. Atakuja pia siku jenereta itakapogoma saa tatu ya usiku, na ataona aibu kama kazi yake imeharibika, kwa kuwa mnakutana msikitini au dukani kwa Mangi. Kishoka anakuja kwa namba ya simu iliyobandikwa kwenye nguzo na anaondoka nayo.

Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: vifaa kwa ukubwa na aina, ufundi kiasi gani, siku ngapi, na mambo mawili ambayo huwa yanasahaulika, yaani ethi rodi na majaribio. Lipa vifaa kwanza, sehemu ya ufundi katikati, na bakiza kiasi cha maana mpaka majaribio yaishe.

Fundi wangu wa pili, baba wa makamo anayekaa jirani na soko letu, alifika na daftari badala ya waya. Alizunguka nyumba nzima, akafungua boksi la umeme, akakuta ethi rodi ya zamani imeoza chini ya bomba la maji, akaniambia hiyo kwanza. Kazi ilichukua siku mbili. Siku ya majaribio alinitaka niwepo pale, "kwa sababu, mama, mimi sitakuwepo umeme ukikatika." Tuligeuza mkono kwenda 0, tukawasha jenereta bila mzigo, tukaiacha ipate joto dakika mbili, kisha tukaenda 2. Taa zikawaka. Akabonyeza kitufe cha RCD, ikakata. Akawasha pampu, friji na feni pamoja, akasikiliza injini, akapima volti kwenye soketi ya mbali kabisa.

Halafu akasubiri usiku, TANESCO ilipokata yenyewe kama saa mbili hivi, akarudi kwa miguu. Jenereta ikiwa inanguruma uani na nyumba inawaka yote, akanipa maltimita, akanishikisha nyaya zake za kupimia, akanielekeza niziweke kwenye skrubu za chenjiova upande unaotoka kwenye luku. "Mkono mmoja mgongoni, usiguse chuma. Unasoma nini?"

Nikasoma: sifuri.